Siku Tuliyocheka Hitimani

Jumapili, Bagamoyo. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri. Nguo nilizofua jana bado ziko kambani, mbichi, na sina nguvu ya kwenda kuzianua. Nimekunywa chai ya rangi bila kitafunio, ikanitosha.

Leo sitaki kugombana na mtu.

Mnaonisoma humu mtandaoni mnajua hiyo si kawaida yangu. Nimegombana na wauza viwanja wa Mapinga wanaomuuzia kila mteja kiwanja kile kile. Nimegombana na walimu wa fasihi, na mashehe, na wasomi wa mjini wanaokuja kutupiga picha. Na majuzi niligombana na kitabu. Naanza na hicho kitabu kwa sababu ni chepesi kuliko yaliyofuata.

Ni riwaya ya vijana. Salma, binti yangu, yuko kidato cha tatu, ndiye aliyeileta nyumbani. Imefungwa gazeti kama daftari la shule kwa sababu jalada lilishanyofoka kwa kupita mikono mingi. Jina lake sitalitaja. Inahusu mji mdogo wa milimani na wasichana wanne, marafiki wa kufa na kuzikana. Siku ya mahafali mmoja anapotea, na kila mmoja wa waliobaki ana kipande cha ukweli alichokificha. Wana mchezo wao: ukitaka kuwa mwenzao lazima utoe siri moja, wanaiita amana. Wao wanashika yako, wewe unashika yao, kwa hiyo hakuna atakayethubutu kumgeuka mwenzake. Msomaji anakwenda ukurasa kwa ukurasa akijiuliza nani alimsaliti yule aliyepotea. Mwishoni inaonekana ni yule mpole, yule tuliyempenda kuliko wote.

Nilikisoma kwa hasira, nikakiponda humu humu. Niliandika kwamba ukatili wa namna ile umeokotwa mbali, haufanani na watoto wetu wa pwani waliolelewa na mtaa mzima. Niliandika kwamba mtunzi hawajui wasichana. Niliandika kwamba hakuna mama anayeweza kulala nyumba moja na mtoto aliyefanya jambo kama lile asijue.

Mlinipigia makofi. Mmoja wenu akaandika, "Mama, umewachana!" Nikafurahi siku nzima.

Nayafuta maneno yale.

Jumatatu iliyopita alifariki mama Zuhura, kule Zinga. Zuhura amesoma na Salma tangu darasa la kwanza, wamekua wakikopeshana hijabu na kusukana nywele barazani kwangu. Mama yake alikuwa na uvimbe kichwani. Alilala miezi mingi, na aliyemuuguza ni Zuhura huyo huyo, mtoto wake wa pekee, pamoja na bibi yake ambaye macho yake yenyewe hayaoni vizuri. Shule Zuhura alikuwa akija akikosa. Akija anasinzia.

Tukazika siku ile ile. Jumatano ikawa hitima.

Sasa, kwa wasomaji wa mbali, lazima nieleze jambo moja, ambalo sisi hapa hatuelezani. Mama Zuhura alikuwa Mkwere kama mimi, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu zama za misafara. Mtani ana ruhusa msibani ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akagombana na wapishi kwamba mbona wamempunja. Watu wanacheka na machozi hayajakauka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Nimeutetea utani humu mara nyingi. Mashehe wanauita ujinga, wasomi wanauita ushamba, nami nikawajibu wote kwamba watu wanaojua kumcheka maiti wao ndio wanaojua kuomboleza.

Katika darasa la akina Salma yuko msichana anaitwa Tatu. Mama yake ni wa hapa hapa, baba yake Mnyamwezi wa Tabora. Mtani halali. Ndiye kiongozi wa kundi lao la wasichana, mcheshi, ana ulimi, na mimi nilikuwa nampenda kwa hilo.

Dua ilikuwa imekwisha, masinia ya pilau yanazunguka chini ya turubai. Tatu akatoka ndani amejifunga kanga za marehemu, mkono mmoja unapapasa ukuta, mwili umelalia upande wa kushoto. Kila mtu alimjua mara moja. Mama Zuhura ndivyo alivyokuwa akitembea mwishoni.

"Pisheni, pisheni, marehemu kachoka kulala!"

"Rudi huko, pilau hukubakiziwa!" akapaza sauti mmoja wa wapishi.

"Na hiyo kanga umeiba, nilikuwa nimeiwekea jicho mie!" akasema mwingine.

Vicheko. Hata bibi yake Zuhura alitabasamu. Tatu akapita baina ya mikeka, akigusa huyu, akimkodolea macho yule, mpaka akafika alipokaa Zuhura. Akainama. Akamtazama kwa muda, kichwa kimeinama upande, kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"We mtoto, mtoto wa nani? Kwenu wanajua uko huku?"

Turubai zima likalipuka.

Zuhura akasimama. Akamtazama Tatu ndani ya kanga zile, akajibu, "Wako, mama."

Tukacheka maradufu. Mtu akapiga sinia kwa kijiko. "Kaweza! Leo mtani kapatikana!" Tuliona mtoto kaupokea utani, kajibu kwa akili, msiba unaanza kupoa. Mimi nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa pindo la mtandio.

Sikumwona alipoondoka. Tulidhani amekwenda uani kusaidia kuosha masufuria.

Baada ya alasiri bibi yake akaanza kumwita. Hayupo uani, hayupo chumbani, hayupo kwa jirani. Simu yake ilikuwa juu ya kitanda cha marehemu. Vijana wakatumwa barabarani, wengine makaburini, mimi na Salma tukapita nyumba kwa nyumba. Salma alikuwa analia hata pumzi inamkatika. Nilimshika mkono nikamwambia atapatikana, rafiki yako atapatikana. Na katika kutembea kule kikanijia kile kitabu, msichana aliyepotea, nikajikasirikia kwa kukikumbuka.

Kabla ya isha simu ikaingia kutoka Msata. Mama yake mdogo Zuhura anauza chakula pale njia panda. Mtoto amefika, amepanda lori la mchanga, hana hata viatu.

Alhamisi nilirudi Zinga kumsaidia bibi kupanga nyumba. Nikamuuliza mtoto amepatwa na nini, mbona utani ameupokea vizuri. Yule bibi aliacha kukunja nguo.

Akaniambia kwamba wiki za mwisho mwanawe akili ilikuwa imepotea. Mgonjwa alimtambua yeye bibi mpaka mwisho. Ila hakumtambua Zuhura. Kila mtoto alipoingia na uji, mama alimtazama kama mtoto wa watu aliyepotea njia, akamuuliza kwa upole, kwa sababu hata katika ugonjwa ule hakuacha upole wake: "We mtoto, mtoto wa nani? Kwenu wanajua uko huku?"

Na kila mara Zuhura alijibu, "Wako, mama."

"Haya, basi kaa," mama humwambia. Ndipo hukubali kulishwa.

"Nilikuwa nasikia nyuma ya pazia," bibi akasema. "Sikumwambia mtu. Nimwambie nani, mama Salma, kwamba mwanangu kamsahau mwanawe?"

Nilikaa chini, kwenye sakafu.

Sisi tuliona ni jibu la mtani. Yule mtoto alikuwa anajibu swali. Aliona kanga za mama yake, mwendo wa mama yake, akasikia maneno ya mama yake, mdomo ukajibu kabla akili haijafika. Na sisi watu wazima, wanawake tuliozaa, tukapiga masinia.

Nilisema sitaki kugombana. Basi kidogo tu. Najua kuna shehe mmoja atasoma hapa aseme, si nilikwambia? Sitakupa ushindi huo. Utani una adabu yake. Mtani humcheza marehemu na humbeba yatima. Bibi yake Tatu mzaa baba, tulipomzika mume wangu mdogo, shemeji yangu, alilala kaburini akakataa kutoka, tukacheka, na alipotoka ndiye aliyewaogesha watoto na kuwalisha mpaka arobaini. Tatu alivaa nguo za marehemu, lakini yeye alimcheza Zuhura. Tofauti hiyo tulipaswa kuiona palepale. Tulishazoea mno kucheka.

Lakini Tatu aliyajua vipi maneno yale? Chumba kile kilikuwa na mgonjwa, mtoto na bibi. Mgonjwa amekufa, bibi hakusema. Zuhura mwenyewe alimwambia mtu.

Ijumaa nilikwenda kwao Tatu nikiwa nimejifunga kibwebwe. Mama yake alinipokea mlangoni, kanga mabegani, tayari kwa vita.

"Mama Salma, siku hizi utani nao una kesi?"

"Namtaka Tatu, si wewe."

Tatu akatoka, akanipa shikamoo, nikaitikia kwa shida. Nikamuuliza maneno yale kayatoa wapi. Nilitegemea jeuri. Hakuwa nayo. Alisema Zuhura alikuwa anaringa na ugonjwa wa mama yake, amewatupa wenzake, hakai nao, haji kwao, akiitwa anasema ana mgonjwa. Walitaka kumkomoa kidogo tu. Hakujua ataondoka. Alisema hilo la mwisho akitazama miguu yake.

"Maneno, Tatu. Nani alikupa?"

Akaniangalia. Nimeangaliwa kwa chuki mara nyingi katika maisha yangu, nikazoea. Yeye aliniangalia kwa huruma.

"Muulize aliyekuwa anakwenda kulala kwao."

Msichana asiye ndugu aliyekuwa akilala nyumba ile ni mmoja. Nilikuwa nikimfungia maandazi mwenyewe, nikimwambia mpe mwenzio moyo.

Nilirudi kwa miguu. Salma alikuwa uani, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Aliponiona tu, mkono ulisimama. Sikuhitaji kuuliza. Akasema yote bila kuinua uso, akiongea na lile sinia la nazi.

Kundi la Tatu kila mmoja alitoa amana. Kama kitabuni. Walikisoma wote, wakaupenda ule mchezo, wakaahidiana kwamba amana haitoki nje. Yeye akatoa ile ya Zuhura.

Naomba nikiri kitu cha aibu. Moyo wangu ulifurahi. Kitabu! Kitabu kile ni sumu, na huu hapa ushahidi unakuna nazi nyumbani kwangu. Kabla hata sijamshika mwanangu bega nilikuwa nimeshapata kichwa cha makala.

Halafu nikamuuliza, kwa nini ya Zuhura? Kwa nini hukutoa siri yako mwenyewe?

"Sina, mama."

"Kila mtu anayo."

"Mimi sina. Zangu zote umeshaandika."

Akanitajia mambo matatu ya utoto wake na ya nyumba yetu ambayo niliyaandika humu, kwa ucheshi, kwa ufundi, nikasifiwa. Siyarudii. Wengi wenu mnayakumbuka, na hapo ndipo penye tatizo. Alimpelekea Tatu moja baada ya jingine. Tatu alimwambia, "Hayo hata mwalimu wa zamu anayajua. Lete lingine." Akakosa la kupeleka. Aliogopa kubaki nje peke yake. Siri moja tu aliyokuwa nayo duniani haikuwa yake.

Kile kitabu kilimwomba mwanangu siri. Aliyemwacha mikono mitupu ni mimi.

Nilitaka kumchapa na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote. Nilichukua ile nazi nikamalizia kuikuna, na wote wawili tukawa tunalia kila mtu na upande wake.

Jana tulikwenda Msata. Salma hakutaka, nikamwambia huu si mwaliko.

Zuhura alikuwa nyuma ya banda la mama yake mdogo, amekaa kwenye kigoda, beseni la viazi mbele yake, anamenya vya chipsi. Amekonda. Aliinuka akanipa shikamoo kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na marehemu. Salma alisimama nyuma yangu, hana pa kuweka mikono.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Bagamoyo. Mimi ninayesifika kwa maneno. Nilipofungua mdomo yeye ndiye aliyeuliza kwanza.

"Na wewe ulicheka, mama Salma?"

"Nilicheka, mwanangu."

"Nilikuona."

Hakusema kwa ukali. Akarudi kwenye viazi vyake. Nilimwomba radhi. Nikamwambia arudi, bibi anamhitaji, mitihani inakuja, nitamfikisha Tatu kwa mkuu wa shule, atalala kwangu akitaka. Akatikisa kichwa. Bibi naye atahamia huku, mama mdogo ameshaulizia nafasi kwenye shule ya hapa. "Kule kila mtu alikuwepo," akasema.

Nikamuuliza basi nifanye nini, maana nisingeweza kuondoka bila kufanya kitu. Alifikiri. Lori likapita, likapiga honi, yeye akasubiri kelele iishe.

"Andika," akasema. "Walidhani nacheza. Andika wajue nilikuwa namjibu mama kweli."

Nikamwambia nitaandika kila kitu, nikamuuliza, na yale maneno ya chumbani? Akasema na yale. Yameshasikika yakiwa mzaha, bora yasikike yalivyokuwa.

Wakati huo Salma alikuwa amechuchumaa kwenye beseni. Hakusema samahani, alikuwa ameisema njia nzima kimoyomoyo naamini, lakini haikutoka. Akaokota kisu cha pili, akachukua kiazi, akaanza kumenya, kama alivyokuwa akifanya jikoni kwao Zinga miaka yote, bila kuombwa, bila kukaribishwa.

Zuhura akauchukua ule mkono taratibu, akatoa kisu, akatoa kiazi.

"Acha," akasema. "Wewe mgeni."

Akaingia ndani akamletea kiti na soda baridi, akamfutia kiti kwa upande wa kanga yake, akamkaribisha. Salma alikaa na ile soda mikononi mpaka tulipoaga. Hakuinywa.

Sijui kama kuna mtunzi atakayeandika ukurasa mkali kuliko ule.

Kwa hiyo nimeandika, Zuhura. Mliokuwa kwenye ile hitima, mliopiga sinia, mliosema mtani kapatikana, mimi nikiwa mmoja wenu: mtoto yule hakuwa anacheza. Alikuwa na mama yake kwa mara ya mwisho, mbele yetu, na tulimcheka. Mkimwona Msata mkipita na mabasi, msimkumbushe. Nunueni chipsi mwendelee na safari.

Majina yote humu nimeyabadili, ingawa najua mji wetu ulivyo. Kile kitabu nimekirudisha kwa mwenyewe, jalada nimelibandika upya.

Asubuhi nimeyafuta yale maandishi matatu yanayomhusu Salma. Najua kufuta si kusahaulisha. Halafu nikampa asome hii kabla sijaiweka, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kuandika. Alisoma amesimama, akarudia, akakaa. Nikamwambia akisema nisiiweke siiweki, nitamtafutia Zuhura njia nyingine. Akasema iweke, Zuhura ameomba. Ila aya moja itoke.

Ilikuwa hapa, baada ya Msata, kuhusu aliyoniambia njiani kurudi. Ilikuwa aya nzuri. Pengine nzuri kuliko zote hizi.

Nimeitoa. Ni yake. Akitaka kumpa mtu siku moja, anayo.

Mvua imekatika. Nakwenda kugeuza nguo kambani, na nyie mkikutana nami sokoni mkaniuliza aya ile ilisemaje, mimi sijui kitu.